Maisha ya Alfred Binet na Kipimo cha Akili

Sisi tunaofundisha saikolojia ya elimu vyuoni tumezoea kuliandika jina la Alfred Binet ubaoni, kulipigia mstari, kuongeza mwaka 1905, kisha kuendelea na jina linalofuata. Mwanachuo hunakili, hukariri, hujibu mtihani, na mwisho hutoka chuoni akijua jambo moja tu, kwamba palikuwa na Mfaransa aliyebuni kipimo cha akili. Katika makala haya tunakusudia kumtoa mtu huyu ubaoni na kumweleza kama binadamu, kwa kuwa tunaamini kwamba mwalimu asiyejua Binet alikifikiaje kipimo chake hawezi kukitumia, wala kukikataa, kwa haki.

Lililotusukuma kuandika ni jambo dogo. Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi, tulifungua jalada la mwanachuo wetu mmoja, kijana mwenye bidii, tukakuta ameyagawa majina ya watoto wa darasa la tatu katika safu tatu: wepesi, wastani na wazito. Alikuwa amekaa na darasa hilo siku nne. Tulipomwuliza ameupataje mgawanyo huo, alijibu kwamba aliukuta kwa mwalimu wa darasa. Mwalimu wa darasa naye, tulipomwendea, alikuwa ameupokea kutoka kwa mwalimu wa darasa la pili. Hakuna aliyejua ni nani aliyepima kwanza, wala alipima nini.

Binet alizaliwa tarehe 8 Julai 1857 katika mji wa Nice, ambao wakati huo haukuwa bado sehemu ya Ufaransa bali ulikuwa chini ya mfalme wa Sardinia. Baba yake alikuwa tabibu, mama yake mchoraji. Wazazi hao walitengana naye angali mdogo, akalelewa na mama, ambaye baadaye alihamia naye Paris ili asome katika shule mashuhuri ya Louis-le-Grand. Kisa kimoja cha ujana wake kinawahusu sana walimu. Mtahini mmoja, akiwa amekasirishwa na kosa la kijana huyo, alimtamkia kwamba kamwe hatakuwa na akili ya kifalsafa. Ilikuwa kauli ya dakika moja, na yumkini mtahini aliisahau kabla ya chakula cha mchana. Binet aliibeba zaidi ya miaka thelathini, akaja kuisimulia katika kitabu chake alichowaandikia walimu na wazazi mwaka 1909.

Alisomea sheria, akapata shahada mwaka 1878, lakini hakuipenda kazi hiyo. Akajaribu udaktari, akauacha pia. Ndipo alipoanza kwenda kila mara katika Maktaba ya Taifa ya Paris na kusoma vitabu vya saikolojia, elimu iliyokuwa changa wakati ule. Hakuwa na mwalimu. Sisi wakufunzi hupenda kumsifu mtu aliyejifunza peke yake, na ni kweli anastahili sifa, ila msomaji wa peke yake hukosa mtu wa kumwambia kwamba amekosea. Makala yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1880 na kuhusu hisi ya mguso, ilikosolewa vikali na mtaalamu wa Kibelgiji, Joseph Delboeuf. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Binet kuonjeshwa aibu ya kuandika jambo ambalo hajalijaribu barabara. Haikuwa ya mwisho, na ya pili ilikuwa kubwa zaidi.

Mwaka 1883 alianza kufanya kazi katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, chini ya Jean-Martin Charcot, daktari wa mishipa ya fahamu aliyekuwa na sifa Ulaya nzima. Huko walikuwa wakichunguza usingizi wa hipnosisi, yaani ule unaoletwa na maneno na ishara za tabibu. Binet na mwenzake, Charles Féré, walitangaza ugunduzi wa ajabu. Walidai kwamba mgonjwa aliyelazwa usingizi huo, akiwa amepooza mkono wa kulia, angeweza kuhamishiwa hali hiyo mkono wa kushoto kwa kusogezewa sumaku tu. Hata hisia, walisema, ziligeuka kwa sumaku, huzuni ikawa furaha. Delboeuf yule yule alisafiri hadi Paris kujionea. Alichokiona ni kwamba wachunguzi walizungumza waziwazi mbele ya mgonjwa, sumaku ilikuwa kubwa na haikufichwa, na wagonjwa wenyewe walikuwa wachache waliokwisha kuzoea kazi hiyo na kuelewa kinachongojwa kwao. Aliporudi kwake Liège akajaribu upya bila kumdokeza mgonjwa chochote. Sumaku haikufanya kitu.

Binet alibisha kwa miaka kadhaa, na alibisha kwa ukali, maana kumtetea Charcot kulikuwa ni kujitetea mwenyewe. Hatimaye alikiri hadharani kwamba walikuwa wamekosea, na kwamba dokezo la mchunguzi ndilo lililozaa matokeo yale. Tunapendekeza kila mkufunzi akieleze kisa hiki kabla ya kufika mwaka 1905, kwa kuwa mambo yote aliyoyafanya Binet baadaye yana alama ya kosa hili. Alijifunza kwa gharama kubwa kwamba anayepima huweza kukiumba kile anachodhani anakipima.

Kwa bahati njema kulikuwa na watoto wawili nyumbani. Binet alikuwa amemwoa Laure Balbiani mwaka 1884, binti wa mtaalamu wa elimuviumbe, na walikuwa na mabinti wawili, Madeleine aliyezaliwa mwaka 1885 na Alice wa mwaka 1887. Baba aliwachunguza kwa subira. Aliwawekea marundo mawili ya vitu ili aone kama mtoto asiyejua kuhesabu anaweza kutambua lipi ni kubwa zaidi. Aliwauliza maana ya maneno ya kawaida, akagundua kwamba mtoto mdogo hueleza kitu kwa kazi yake, si kwa sura yake. Zaidi ya yote aliona tofauti za tabia. Walipokuwa wakijifunza kutembea, Madeleine alishika kiti, akakikadiria kingine, na hakuachia mpaka awe na hakika. Alice alijitosa katikati ya chumba na kuanguka akicheka. Wote wawili walijua kutembea baadaye. Kama baba angewapima siku moja tu kwa jaribio moja tu, angemwita mmoja mwoga na mwingine mjinga, na katika yote mawili angekosea.

Mwaka 1891 alikutana na Henri Beaunis katika kituo cha reli cha mji wa Rouen. Beaunis alikuwa mkuu wa maabara ya saikolojia ya Sorbonne. Binet aliomba kazi papo hapo, akakubaliwa bila mshahara. Mwaka 1894 aliirithi nafasi ya mkuu huyo, na mwaka uliofuata likatoka toleo la kwanza la jarida la mwaka la saikolojia alilolianzisha, ambalo linaendelea hata leo. Alipata pia shahada ya udaktari wa sayansi, kwa utafiti wa mishipa ya fahamu ya wadudu, kazi isiyo na uhusiano wowote na watoto. Mwaka 1895 alifundisha kwa muda mjini Bucharest, akatakiwa abaki, lakini alirudi Paris. Katika nchi yake mwenyewe hakupewa kiti cha uprofesa mpaka alipokufa. Hakuwa mtu wa makundi, na marafiki zake walikuwa wachache. Tukiongeza kwamba aliandika pia michezo ya kuigiza ya kutisha pamoja na mtunzi André de Lorde, ikaonyeshwa jukwaani Paris, msomaji ataona kwamba hakuwa mtu wa maabara peke yake.

Sasa tuingie darasani. Kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu wepesi wa mtu kukubali dokezo kinastahili kujulikana na kila mwalimu, na tunasikitika kwamba vyuoni hakitajwi kamwe. Binet alikwenda katika shule za msingi za Paris na mistari iliyochorwa kwenye karatasi. Mistari mitano ya kwanza ilizidi kurefuka. Iliyofuata yote ilikuwa sawa. Kila mtoto alitakiwa autazame mstari kisha auchore. Wengi waliendelea kurefusha hata baada ya mistari kuacha kurefuka, kwa sababu akili yao ilikwisha kuambiwa inakoelekea. Jaribio jingine lilikuwa la vitu vilivyobandikwa kwenye ubao wa karatasi, miongoni mwao kifungo cha nguo kilichogandishwa kwa gundi. Watoto walivitazama kwa muda mfupi. Waliotakiwa kuandika wenyewe walichokumbuka walikosea kidogo. Walioulizwa maswali walikosea zaidi, na swali lilipobeba dokezo ndani yake, kwa mfano likiulizia uzi ulioshika kifungo, wengi waliueleza uzi ambao haukuwapo. Hawakuwa wakisema uongo. Walikuwa wakimtii mtu mzima.

Mwalimu na apitie maswali yake ya wiki iliyopita. Ni mangapi yalianza kwa kutaja jibu na kuishia kwa kuomba darasa zima liitikie ndiyo? Binet aliona vilevile kwamba watoto wakijibu kwa vikundi, mmoja hujitokeza kuwa kiongozi na wengine humfuata hata akipotoka. Ile sauti moja kubwa ya darasa, ambayo wakaguzi wengi huifurahia, haitupi habari ya mtoto mmoja mmoja.

Katika miaka hiyo hiyo alipima vichwa. Wataalamu wengi wa karne ile waliamini kwamba kichwa kikubwa ni dalili ya akili nyingi, na Binet alianza akiamini hivyo. Alipima vichwa vya wanafunzi walioteuliwa na walimu wao kuwa hodari na vya wale waliohesabiwa kuwa wa mwisho. Tofauti alizozipata zilikuwa ndogo mno, aghalabu za milimita moja hivi, zisizoweza kumsaidia yeyote kumtambua mtoto yeyote. Hapo ndipo somo la Salpêtrière lilipomzindua. Aliingiwa na hofu kwamba, kwa kuwa anajua nani ni hodari na nani si hodari, mkono wake mwenyewe huenda unaongeza au kupunguza bila yeye kukusudia. Akarudia kupima, akamtaka na daktari kijana, Théodore Simon, apime vichwa vile vile. Vipimo havikulingana. Binet aliiandika hofu yake hiyo na kuichapisha, kisha akaiacha njia ya vichwa. Kwa maoni yetu hakuna ukurasa katika kazi yake yote unaomzidishia heshima kuliko huo.

Sheria ya mwaka 1882 ilikuwa imewalazimisha watoto wote wa Ufaransa wenye umri wa miaka 6 hadi 13 kupata elimu. Shule zikajaa watoto ambao zamani wasingefika, na baadhi yao walishindwa kabisa kwenda sambamba na wenzao. Mwaka 1904 Waziri wa Elimu aliunda tume kuchunguza jinsi ya kuwafundisha watoto hao, na Binet akawa mjumbe. Tume ilikata shauri kwamba mtoto asiondolewe katika shule ya kawaida na kupelekwa shule maalumu bila kuchunguzwa. Lakini achunguzweje? Binet alilinganisha vyeti vya madaktari na kukuta mtoto mmoja ameitwa majina tofauti katika hospitali tofauti. Walimu nao hawakumridhisha, kwani alijua mwalimu aweza kumsukuma nje mtoto msumbufu kwa kisingizio cha akili.

Basi mwaka 1905, yeye na Simon walitoa kipimo chao cha kwanza chenye maswali na kazi 30, kuanzia nyepesi sana, kama kukifuata kwa macho kiberiti kinachowaka, hadi nzito, kama kueleza tofauti ya maneno mawili yasiyo na umbo. Katikati palikuwa na kuonyesha viungo vya mwili, kurudia tarakimu tatu, kulinganisha uzito, kueleza nzi na kipepeo vinatofautiana vipi. Mwaka 1908 walivipanga upya kwa umri, tangu miaka 3 hadi 13: kazi ambazo watoto wengi wa umri fulani huziweza ndizo zilizohesabiwa za umri huo. Mtoto aliyekuwa nyuma ya umri wake kwa miaka miwili au zaidi ndiye aliyehitaji kuangaliwa kwa makini. Kipimo kilifanywa kwa mtoto mmoja mmoja, ana kwa ana, na mpimaji alitakiwa ampokee mtoto kwa upole.

Kipimo kilikuwa na dosari. Baadhi ya maswali yalihitaji mtoto azijue sarafu za Kifaransa au achague sura nzuri na mbaya kwa macho ya watu wa Paris. Watafiti wa Brussels walipowapima watoto wa matajiri waliwakuta wametangulia umri wao kwa zaidi ya mwaka, na Binet mwenyewe alikiri kwamba malezi ya nyumbani yaliingia ndani ya matokeo. Ndiyo maana alisisitiza kwamba kipimo kinaonyesha hali ya mtoto siku ile aliyopimwa, hakisemi sababu, wala hakitabiri atakuwaje. Alipinga kwa nguvu wale waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichowekwa tangu kuzaliwa na kisichoweza kuongezwa. Tunakumbuka tena yule mtahini.

Hakupinga kwa maneno tu. Mwaka 1905 alikuwa amefungua maabara ndogo ndani ya shule ya msingi ya mtaa wa Grange-aux-Belles, iliyokuwa ikiongozwa na mwalimu Vaney. Huko walitengeneza hata kipimo cha macho ambacho mwalimu angeweza kukitumia bila daktari, maana mtoto asiyeuona ubao huitwa mzito kwa urahisi. Kwa madarasa maalumu Binet alibuni mazoezi aliyoyafananisha na kunyoosha kiungo kilichopinda, ila yalikuwa ya akili. Mwalimu alitoa ishara na watoto wote wakaganda kama sanamu. Walibeba vyombo vilivyojaa maji kutoka meza moja hadi nyingine bila kumwaga tone. Walitazama vitu tisa vilivyobandikwa kwa sekunde tano kisha wakavitaja. Mwanzoni walitaja vichache. Baada ya mazoezi ya kila siku wengi walivitaja vyote. Siku moja wabunge waliotembelea darasa walijaribu mchezo huo wakashindwa na watoto. Binet alitaka kwanza watoto wajifunze namna ya kujifunza: kutulia, kusikiliza, kutazama, kujirekebisha. Hesabu na sarufi zingefuata.

Mwaka 1909 Ufaransa ilipitisha sheria ya kuanzisha madarasa maalumu. Mwaka 1911 Binet alitoa sahihisho la mwisho la kipimo, na tarehe 18 Oktoba mwaka huo alifariki Paris akiwa na miaka 54.

Yaliyofuata hakuyaona. Mwaka 1912 William Stern wa Ujerumani alipendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, ikapatikana namba moja ya kumbandika mtoto. Nchini Marekani Henry Goddard alikuwa amekwisha kukitafsiri kipimo, naye Lewis Terman alikipanua mwaka 1916; wote wawili walishika imani ile ile aliyoikataa Binet, kwamba akili ni urithi usiobadilika. Mwaka 1917 majaribio ya kikundi yalianza kutolewa kwa askari wa nchi hiyo, jumla wapatao 1,700,000. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu jimbo la Virginia limfunge kizazi msichana mmoja, na miongoni mwa ushahidi uliotolewa dhidi yake ulikuwa umri wa akili uliopatikana kwa kipimo chenye jina la Binet.

Afrika ya Mashariki haikusalimika. Mjini Nairobi, katika miaka ya 1930, daktari H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari alidai kwamba ubongo wa Mwafrika una upungufu wa asili, na daktari mwenzake, F. W. Vint, akapima bongo za maiti ili kulithibitisha dai hilo. Walitaka litumike kuamua ni elimu gani Mwafrika apewe. Ilikuwa njia ile ile ya vichwa, zaidi ya miaka 25 baada ya mtu wa Paris kuijaribu, kuutilia shaka mkono wake mwenyewe, na kuiacha.

Simon aliishi hadi mwaka 1961. Hakukubali kamwe ile namba moja, akaihesabu kuwa ni usaliti wa kazi waliyoifanya pamoja.

Ama mwanachuo wetu, tulimtaka azifute safu zile tatu, na badala yake aandike mbele ya kila jina jambo moja ambalo mtoto huyo ameliweza wiki ile na moja lililomshinda. Alilalamika kwamba darasa lina watoto sitini na watatu. Ni kweli, tulilihesabu nasi. Tuliporudi baada ya wiki mbili alikuwa amefika kwenye jina la arobaini na moja.